Mpingo wa Kilwa: hesabu inayoanzia kwenye kisiki

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Mto Rufiji, na safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda kusini ikaacha kutegemea kivuko. Kwa abiria ilikuwa nafuu kubwa. Kwa misitu ya upande wa pili wa mto ilikuwa mlango uliofunguliwa kabla hajawekwa bawabu. Malori ya magogo, ambayo awali yalikwamishwa na kivuko na barabara mbovu, sasa yaliweza kuvuka saa yoyote, na biashara ikapanda kwa kasi ambayo ofisi za misitu za wilaya hazikuwa na watu wala magari ya kuikimbiza. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, lilichapisha uchunguzi wake kuhusu wimbi hilo, likakadiria kuwa mapato ya serikali yaliyopotea yalifikia asilimia 96 ya yale yaliyopaswa kukusanywa.

Takwimu hiyo huzungumzwa zaidi kama habari ya fedha. Kwa anayejali msitu ina uzito mwingine: gogo ambalo halikulipiwa halikuandikwa popote, na msitu ambao mavuno yake hayajaandikwa hauwezi kupangiwa mavuno ya kesho. Hakuna aliyejua ni miti mingapi iliyoondoka, ya unene gani, kutoka bonde lipi.

Katika mazingira hayohayo, wilayani Kilwa, mkoa wa Lindi, vijiji vya Kikole na Kisangi vilifika mahali ambapo kila gogo la mpingo linalotoka lina namba inayorudi kwenye kisiki chake. Mwaka 2009 misitu yao iliingia kwenye cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, kilichoshikwa kwa niaba ya kundi la vijiji na Mpingo Conservation & Development Initiative, yaani MCDI. Ni cheti cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu mazingira yake ni magumu kuliko kawaida: mti unaokua polepole mno, msitu mkavu wenye miti ya thamani michache, na soko linalokataa sehemu kubwa ya kila gogo. Utaratibu ukisimama kwa mpingo, utasimama kwa miti mingi mingine ya nchi za joto.

Mti wenyewe

Mpingo, Dalbergia melanoxylon kwa jina la kisayansi, ni jamii ya kunde. Si mti mrefu. Mara nyingi haufiki mita 15, shina lake ni fupi, lina mikunjo na vibonyeo, na aghalabu hugawanyika matawi chini kabisa. Nje kuna ganda jeupe, jembamba, halafu kiini kinachokaribia weusi mtupu. Thamani yote imo kwenye kiini hicho. Mita moja ya ujazo ina uzito wa takriban kilo 1,200 hadi 1,300, ndiyo maana kipande cha mpingo huzama majini. Kwa ugumu huo, na kwa uwezo wake wa kuchongwa kwa usahihi bila kubadilika umbo, watengeneza ala za kupuliza kama klarineti na obo wa Ulaya huutafuta kuliko mti mwingine wowote, kama wachongaji wa Kimakonde walivyoupenda tangu zamani.

Huchukua takriban miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Kanuni za Tanzania haziruhusu kukata mpingo ambao kipenyo chake kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, hakijafika sentimita 24. Watu wengi huichukua sentimita 24 kama ruhusa: ukifika hapo, kata. Huo ni mwanzo wa kosa. Kipimo cha chini kinalinda miti michanga tu. Hakisemi lolote kuhusu ni mingapi iliyokomaa inaweza kuondoka mwaka huu bila kumnyima chochote anayekuja baada ya miaka 30.

Haki kwanza, shoka baadaye

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kutenga sehemu ya ardhi yake kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, kuusimamia, kuvuna na kubaki na mapato. Kabla ya hapo mrabaha wa gogo ulikwenda serikalini, na mwanakijiji aliyemwona mvunaji haramu hakuwa na sababu ya kumzuia zaidi ya uchungu wa moyo wake.

Hatua zinajulikana: mkutano mkuu wa kijiji unakubali, Kamati ya Maliasili ya Kijiji inachaguliwa, mpaka unatembelewa pamoja na majirani, rasilimali inapimwa, mpango wa usimamizi na sheria ndogo vinaandikwa, kisha sheria ndogo zinapelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Inayochelewesha kuliko zote ni ya mpaka. Vijiji viwili vinaweza kuishi miaka 40 bila kugombania pori, lakini siku mpingo unapopata bei, kila mzee anakumbuka mto tofauti. Ni afadhali kutumia miezi sita kumaliza suala hilo kuliko kuanza kuvuna kwenye eneo lenye ugomvi, kwa sababu mnunuzi mjanja atapeleka maombi kwa kijiji chenye masharti mepesi.

Kuhesabu mti unaokaa kwa makundi

Mpingo hausambai sawasawa. Unaweza kutembea kilomita nzima bila kuona hata mmoja, halafu ukakuta 15 kwenye mbuga ndogo ya udongo mweusi. Ndiyo maana njia ya kawaida ya kupima msitu, ya ploti za duara zenye nusu kipenyo cha mita 15, huleta taabu hapa. Ploti moja kama hiyo ni hekta 0.07 tu. Ukiweka 100, umeangalia hekta 7. Nyingi zitakuwa na sifuri, moja itakuwa na miti minne, na wastani utakaopata utategemea bahati ya ploti hiyo moja.

Kwa mti wa aina hii, ukanda mrefu unafaa zaidi. Watu watatu wanatembea kwa dira na GPS kwenye mstari ulionyooka, na wawili kila upande wanapekua hadi mita 20 kutoka mstarini. Kilomita moja ya ukanda wa mita 40 ni hekta 4. Mistari 25 ni hekta 100. Kila mpingo unaoonekana unapimwa kwa utepe kwenye mita 1.3, unaandikwa kipenyo, urefu wa shina lililonyooka, na hali yake: mzima, una kovu la moto, una tundu.

Makosa ya hapa ni madogo kwa macho na makubwa kwa hesabu. Utepe unaopita juu ya nundu huongeza sentimita mbili. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 ni mashina mawili, kila moja na kipimo chake. Ukiyazungushia utepe pamoja umetengeneza mti mnene ambao haupo. Na kosa linalorudiwa kila mahali ni la mpekuaji aliyechoka, ambaye saa nane mchana hupekua mita 12 badala ya 20 na kukikwepa kichaka. Mstari wa jioni huwa na miti pungufu kila mara. Dawa yake ni kumaliza kazi saa saba, na mtu mwingine kurudia mstari mmoja kati ya kumi bila kuonyeshwa karatasi ya kwanza.

Idadi inavyogeuka kuwa kiwango cha kuvuna

Hapa ndipo kisa chote kinapolala, na ndipo maeneo mengi yanapokosea. Tuchukue mfano wa hesabu, usio wa kijiji fulani, ili ngazi zake zionekane.

Msitu una hekta 1,000. Mistari 25 imepita hekta 100 na kukuta mipingo 150 yenye sentimita 24 au zaidi, na mingine 300 ya kati ya sentimita 14 na 24. Kwa hekta ni 1.5 na 3. Kwa msitu wote ni 1,500 iliyokomaa na 3,000 inayoelekea huko.

Anayeona 1,500 iliyokomaa huigawa kwa miaka 5 ya mpango na kupata 300 kwa mwaka. Baada ya miaka 5 msitu hauna mpingo wa kuvuna, na mpango wa pili hauna cha kupanga. Swali sahihi ni hili: kila mwaka ni mipingo mingapi inavuka mstari wa sentimita 24? Mti uliochukua miaka 80 kufika sentimita 24 umekua wastani wa milimita 3 za kipenyo kwa mwaka. Kutoka 14 hadi 24 ni sentimita 10, ambazo kwa mwendo huo ni miaka 33. Gawanya 3,000 kwa 33, unapata 90 kwa mwaka.

Lakini 3,000 yenyewe ni makadirio. Wastani wa mti 3 kwa hekta, kwa mti unaokaa kwa makundi, unaweza kwa kweli kuwa 2.2 au 3.8. Mpangaji mwaminifu hutumia ncha ya chini. 2,200 gawanya kwa 33 ni 66. Kisha toa itakayokufa njiani kwa moto, itakayooza kiini na isiyofaa kukatwa kabisa, na ile ambayo lazima ibaki kuzaa mbegu. Tukiondoa nusu, inabaki 33.

Kutoka 300 hadi 33 kwa mwaka. Huo ndio umbali kati ya kuvuna na kufyeka, na mvunaji na mfyekaji wote wangekuwa na mpango ulioandikwa vizuri, wenye ramani na mihuri.

Endelea hatua moja zaidi. Mpingo wa sentimita 30 wenye shina zuri la mita 1.7 hutoa kiasi cha mita za ujazo 0.12. Mara 33, ni mita za ujazo 4 hivi kwa mwaka kutoka hekta 1,000, uzito wa tani 5. Lori moja halijai. Kwa kulinganisha, kanuni za Brazili kwa msitu wa mvua wa Amazoni zinaruhusu hadi mita za ujazo 30 kwa hekta kwa miti yote pamoja, kila baada ya miaka 35. Ni misitu miwili tofauti, na mmoja unahesabiwa miti ya kila aina, lakini ulinganisho unaeleza kwa nini kijiji hakiwezi kuishi kwa mpingo peke yake. Vijiji vya Kilwa vilipoanza kuuza pia mbao za miti mingine, kama mninga na pangapanga, msitu uleule ukaanza kubeba gharama za doria na vikao ambazo mpingo pekee usingezibeba.

Jambo moja la kuandikwa kwenye mpango bila kuzunguka: kiwango kitajwe kwa idadi ya miti na kwa ujazo pia. Kikitajwa kwa ujazo peke yake, mnunuzi ataangusha miti mingi na kuchukua kipande bora cha kila mmoja mpaka ujazo utimie. Kikitajwa kwa idadi peke yake, atachagua minene tu, ile ambayo ndiyo wazazi wazuri wa mbegu.

Moto

Mpingo mkubwa hustahimili moto wa nyasi. Haufi. Lakini moto mkali wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka mpaka mzizi, hubabua gome upande mmoja wa shina, karibu na ardhi. Kidonda hicho ndicho mlango wa kuvu na mchwa. Miaka 30 baadaye mti unaonekana mzima, umefika kipimo, na ndani ni bomba. Miche nayo kila mwaka hufa juu na kuchipua tena kutoka mzizini, ikibaki kimo cha nyasi muda mrefu sana, hadi ipate miaka michache mfululizo bila moto mkali ya kuvuka kimo cha miali.

Kwa hiyo kuchoma mapema, baada ya masika, nyasi zikiwa nusu mbichi, ni sehemu ya uvunaji hata kama hakuna msumeno uliowashwa. Moto huwashwa alasiri inapoelekea jioni, upepo ukiwa mdogo, na miali haipaswi kuzidi kimo cha goti. Unaunguza kwa mabaka, unajizimia usiku kwa umande. Lengo ni kuvunja mwendelezo wa nyasi kavu ili moto wa Oktoba, utakaotoka shambani kwa mtu au kwa mrina asali, ukose njia ndefu. Ukichelewa wiki tatu, nyasi zimekauka, na kikosi kilichokwenda kuzuia moto kinakuwa ndicho kilichouleta. Bajeti ya kuchoma mapema ndiyo ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua, kwa sababu faida yake haionekani mwaka huo. Ni uamuzi wa kusikitisha kila unapofanywa.

Siku ya kukata

Mnunuzi anapeleka maombi kwa Halmashauri ya Kijiji, kamati inaangalia kiwango kilichobaki, mkataba unasainiwa, na kisha watu wa kamati na wa mnunuzi wanaingia msituni pamoja kuchagua miti. Uchaguzi huu ndio unaopunguza upotevu kuliko jambo lingine lolote.

Mti unazungukwa wote kabla ya kuguswa. Kovu jeusi lenye midomo iliyovimba chini ya shina ni dalili ya moto wa zamani. Udongo wa mchwa unaopanda kwenye ufa, tundu mahali tawi lilipovunjika, kuvu kama visahani kwenye gome, vyote vinasema jambo lilelile. Kisha mgongo wa shoka unagonga shina kuanzia chini kwenda juu, kila kiganja kimoja. Mpingo mzima hutoa mlio mkavu, mfupi, unaokaribia mlio wa chuma. Ukifika penye uwazi mlio unazama, unakuwa kama wa mtungi. Mwenye sikio lililozoea anaweza kuonyesha uwazi unaishia wapi.

Ukibaki na shaka, kuna jaribio linalotumika katika misitu mingi ya nchi za joto: ncha ya msumeno inaingizwa wima katikati ya shina, karibu na ardhi, mahali mkato utakapopita. Unga unaotoka ndio jibu. Ukiwa wa zambarau unaoelekea weusi, mkavu, wenye chembe kali, kiini kizima. Ukigeuka kahawia na laini, au msumeno ukaingia ghafla bila upinzani, mti unaachwa umesimama. Mpingo wenye bomba bado unazaa mbegu, na bado ni nyumba ya nyuki na ndege. Ukilala chini hauna faida kwa yeyote.

Mti uliokubaliwa unapewa namba kwa rangi sehemu mbili: kwenye shina kwa urefu wa kifua, na chini kabisa, mahali patakapobaki kisiki. Kipenyo kinaandikwa daftarini kabla ya kukata.

Kukata kwenyewe ni kazi ya dakika 20 ikifanywa vizuri. Mitambaazi inayounganisha mti na jirani zake inakatwa kwanza, njia mbili za kukimbilia zinasafishwa nyuma kwa pembe. Kwa shina la sentimita 30, mkato wa mwelekeo unaingia sentimita 6 au 7 upande mti unakotakiwa kuangukia. Mkato wa nyuma unaanza upande wa pili, sentimita 3 juu ya usawa wa ule wa kwanza, na unaachwa kabla haujakutana nao, ili ibaki bawaba ya sentimita 3 hivi inayouongoza mti ukianguka. Bawaba ikikatwa yote mti unajichagulia mahali. Ikibaki nene mno, shina linapasuka wima, na kwa mti unaouzwa kwa ajili ya ala za muziki ufa wa nusu mita ni hasara ya gogo zima. Mpingo mwingi umeinama, hivyo mkataji anayetaka kuulazimisha uanguke kinyume cha uzito wake anatafuta ajali.

Kisiki kinaachwa kifupi, sentimita 15 hadi 20, kwa kuwa sehemu nzuri kabisa ya shina iko chini, na uso wake unainamishwa kidogo maji yasituame. Mpingo huchipua kwenye kisiki na kwenye mizizi. Kisiki kilichochanwachanwa, au kilichofunikwa na matawi yaliyotupwa juu yake, kitaungua msimu ujao na machipukizi yake yote. Kuyavuta matawi mita 3 pembeni ni kazi ndogo ambayo ni lazima iwe kwenye mkataba, la sivyo haitafanyika.

Magogo yanakatwa vipande siku hiyohiyo, ncha zote mbili zinapakwa nta au rangi nzito, na yanalazwa kivulini. Gogo la mpingo lililoachwa juani likiwa wazi ncha huanza kupasuka upesi, na nyufa zikianza huingia ndani kufuata kiini.

Kupima gogo, sentimita kwa sentimita

Malipo ya kijiji yanatoka kwenye kipimo hiki, na hapa ndipo kijiji huibiwa bila kelele.

Ujazo wa gogo ni 0.785 mara kipenyo mara kipenyo mara urefu, kipenyo kikiwa cha katikati ya gogo na vyote vikiwa kwa mita. Gogo la urefu wa mita 1.5 na kipenyo cha sentimita 30 ni 0.785 × 0.3 × 0.3 × 1.5, yaani 0.106. Mpimaji wa mnunuzi akisoma sentimita 27 badala ya 30, ujazo unakuwa 0.086. Sentimita tatu zimekula asilimia 19 ya fedha, kwa sababu kipenyo kinajizidisha chenyewe. Kosa la sentimita tatu kwenye urefu wa gogo hilohilo ni asilimia 2 tu. Kwa hiyo anayesimamia kipimo asikodolee macho urefu. Akodolee kipenyo.

Mpingo si mviringo. Una mabonde. Kipenyo kisomwe mara mbili, upande mpana na upande mwembamba kwa pembe mraba, kisha wastani. Utepe unaozungushwa juu ya mabonde huonea mnunuzi. Rula inayowekwa upande mwembamba peke yake huonea kijiji. Mbinu iandikwe kwenye mkataba kabla ya gogo la kwanza kupimwa. Ikiwa mkataba unapima kiini bila ganda jeupe, nalo liandikwe, kwa sababu ganda la sentimita 1.5 kila upande ndizo zilezile sentimita tatu.

Mzozo mkubwa zaidi ni wa gogo lenye tundu lililoonekana baada ya kuanguka. Mnunuzi analiacha msituni na kusema halikufaa, kijiji kinasema mti umekufa. Utaratibu wa haki ni kutoa ujazo wa tundu kwenye ujazo wa gogo na kulipia kilichobaki, na mti kuhesabiwa kwenye kiwango hata kama hakuna kipande kilichotoka. Bila sharti hilo, hasara yote ya uchaguzi mbaya inabebwa na msitu, na mnunuzi hana sababu ya kugonga mti kabla ya kuukata.

Na tukumbuke kinachofuata kiwandani: chini ya sehemu moja ya kumi ya ujazo wa magogo hutoka kama vipande vya ala za muziki. Nyingine ni ufa, tundu, mikunjo, ganda. Vipande vifupi vinavyobaki msituni vinawatosha wachongaji, na kijiji kinachoviuza kwa bei yake tofauti kinapata zaidi kwa mti uleule bila kuongeza kisiki.

Nyundo, daftari na TP

Gogo lililopimwa linagongwa nyundo yenye alama kwenye ncha, na kisiki kinagongwa vilevile. Namba ya mti, ya gogo, vipimo na tarehe vinaingia daftari la kijiji kwa nakala. Bila daftari hakuna hati ya kusafirisha, ile wanayoiita TP, na bila TP gogo linakamatwa kwenye kizuizi cha barabarani. Udhaifu ni TP moja kutumika safari mbili. Kijiji chenye daftari lililojazwa siku hiyohiyo kinaweza kuthibitisha kuwa magogo ya lori la pili si yake. Chenye daftari linalojazwa mwisho wa mwezi hakiwezi.

Cheti, wanunuzi na sheria za nje

Cheti cha FSC hudumu miaka 5 na hukaguliwa kila mwaka. Gharama za ukaguzi kijiji kimoja hakiziwezi, na ndiyo sababu ya mfumo wa kundi: MCDI inashika cheti kimoja, inakagua vijiji kwa ndani, na mkaguzi wa nje anachagua baadhi. Ubaya wake ni kwamba kijiji kimoja kikivuruga kinaweza kuhatarisha wote. Pia cheti hakitembei na mti kwa hiari yake. Mnunuzi, kiwanda na msafirishaji nje kila mmoja anahitaji cheti chake cha mnyororo, kinachoonyesha mti umepitia mikono ipi. Mmoja akikosa, mpingo wa kijiji unafika Ulaya ukiwa mpingo wa kawaida.

Tangu Januari 2, 2017, mpingo, pamoja na karibu jamii yote ya Dalbergia, umo kwenye Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo mpingo unaotoka nchini unahitaji kibali kinachothibitisha kuwa uvunaji wake haudhuru mti huo porini. Ala zilizokamilika na vipuri vyake viliondolewa kwenye sharti hilo Novemba 2019, ila magogo na vipande vya mbao bado vimo. Kwa kijiji chenye hesabu kama zilizoelezwa hapo juu kibali hicho ni faida, kwa sababu ushahidi unaotakiwa tayari umo daftarini.

Tatizo ambalo halijapona ni uchache wa wanunuzi. Wanaotaka mpingo wa ala za muziki ni wachache duniani kote, na kijiji kinachotegemea mmoja hukubali masharti yake. Wakati huohuo gogo la wizi, lisilo na mrabaha wala doria wala daftari, huuzwa rahisi zaidi sokoni. Anayevuna kwa haki anashindana na mtu ambaye gharama zake zimelipwa na msitu wa mwingine. Hapo kijiji hakina dawa peke yake; inategemea vizuizi vya barabarani vinavyofanya kazi.

Miaka 5 inapoisha

Mpango unapofika mwisho, kamati inarudi msituni na daftari mkononi. Mistari ileile inatembelewa tena, kwa GPS ileile, ili tofauti ya idadi iwe ya msitu wala si ya njia. Kila kisiki chenye namba kinatafutwa: kimechipua au kimeungua, machipukizi ni mangapi, yana kimo gani. Baadhi ya miti iliyoachwa inapimwa upya palepale palipopakwa rangi, na milimita halisi za msitu huu zinachukua nafasi ya zile 3 zilizokadiriwa. Zikionekana ni 2, ile miaka 33 inakuwa 50, na kiwango kinashuka kwa theluthi.

Visiki visivyo na namba navyo vinahesabiwa. Vinaandikwa kipenyo, vinaongezwa kwenye idadi ya iliyovunwa, na kupunguzwa kwenye kiwango cha miaka 5 inayofuata, kana kwamba kijiji ndicho kilichovikata.